Baridi Huhifadhi, Haiui: Virusi katika Mnyororo wa Baridi na Wajibu wa Wasomi wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hii ilizaliwa katika ulimwengu ambamo uozo ulionekana kwa macho na kunuswa kwa pua. Mchuuzi wa samaki wa pwani, na hata mwenzake wa ufuo wa Ziwa Viktoria, hakuhitaji maabara ili kumtambua samaki mbaya. Alimfunua mashavu aone kama bado ni mekundu, akambonyeza nyama aone kama inarudi, akamtazama macho, kisha akamnusa. Hukumu ilitolewa papo hapo, na aghalabu ilikuwa hukumu ya haki.

Leo hii samaki huyo yamkini amevuliwa katika bahari ya mbali, akagandishwa siku iyo hiyo, akafungwa katika katoni, akapakiwa ndani ya kontena lenye mtambo wa baridi, akavuka bahari kwa majuma kadhaa, akateremshwa bandarini, akalazwa katika ghala la baridi, akabebwa kwa lori lenye jokofu na hatimaye akafika sokoni angali mgumu kama jiwe. Safari hii yote, tangu mvuvi hadi sufuria, ndiyo iitwayo mnyororo wa baridi. Nyama, kuku, maziwa, matunda na chanjo husafiri kwa njia iyo hiyo. Katika safari hiyo pua haina kazi tena, kwa kuwa kilichogandishwa hakinuki. Hata hivyo, ipo hatari ambayo tangu hapo haikuwa na harufu, nayo ni hatari ya virusi.

Makala haya yanashikilia kuwa jamii imeielewa hatari hii vibaya kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaoamini kuwa baridi ni dawa, na kwamba kilichogandishwa kimesalimika. Wapo pia wanaoiona kila katoni itokayo ughaibuni kuwa sumu. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: maarifa ya mnyororo huu hayajawafikia, kwa lugha wanayoielewa, wale wanaoushika kwa mikono yao. Maadamu tatizo ni la maarifa na la lugha, wasomi wa Kiswahili hawawezi kuliachia madaktari peke yao.

Kuharibika na kubeba

Ni vyema kuanza na maana za maneno, kwani hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Katika mazungumzo ya kila siku, na hata katika vitabu vingi vya shule, maneno viini, vijidudu, vimelea, bakteria na virusi hutumiwa kana kwamba ni visawe. Kwa mshairi anayetafuta vina jambo hili huenda lisiwe na madhara. Kwa mpishi wa shule ya watoto wadogo lina madhara makubwa.

Bakteria ni kiumbe kinachojitegemea. Kikiwa ndani ya kipande cha nyama penye joto, hula, hukua na kuongezeka, na kutokana na shughuli zake nyama hutoa utelezi, rangi mbaya na uvundo. Baridi huidumaza shughuli hiyo, na ndiyo sababu jokofu limeokoa maisha ya watu wengi. Kirusi ni jambo jingine kabisa. Nje ya seli hai hakili, hakikui wala hakizaani. Hakiwezi kukioza chakula hata kidogo. Hungoja tu. Chakula chenye bakteria wengi wa uozo hulalamika chenyewe; chakula kilichobeba virusi hunyamaza, kikawa kitamu na cha kupendeza machoni.

Je, baridi hufanya nini kwa kitu ambacho kazi yake ni kungoja? Hukisaidia kungoja. Katika maabara, virusi vya uchunguzi huwekwa kwenye majokofu yenye baridi ya nyuzi 70 au 80 chini ya sufuri, kwa madhumuni ya kuvihifadhi. Aidha, ushahidi wa jambo hili umepita mbele ya macho ya kila mzazi nchini Kenya. Mhudumu wa afya anayekwenda kijijini kuchanja watoto hubeba kisanduku chenye barafu. Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na chanjo ya polio ya matone vilevile. Virusi hivyo vikifa, chanjo haina faida. Kinachoviua ni joto la njiani, ilhali baridi ndiyo inayoviweka hai. Ingekuwa baridi huua virusi, mhudumu huyo angekuwa anabeba maji matupu. Ni ajabu basi kwamba mtu yule yule anayesisitiza chanjo isitoke kwenye barafu huamini kuwa barafu hiyo hiyo imeyatakasa matunda yaliyo katika friza yake.

Hapa pana somo la semantiki. Kitenzi hifadhi kimezoeleka kuwa na maana ya wema: huhifadhiwa mazingira, hati za kale na amana. Kinapotumiwa kuhusu chakula, msikiaji hudhani kuwa kinachohifadhiwa ni chakula peke yake. Kwa hakika jokofu halichagui. Huhifadhi stroberi pamoja na kilichoachwa juu yake na mkono uliolichuma. Pengine kinachohitajika ni kutenganisha dhana mbili ambazo lugha tayari ina maneno yake: kuharibika na kubeba. Chakula kinaweza kubeba virusi bila ya kuharibika. Mtu akiielewa tofauti hii moja, nusu ya kazi imekwisha.

Matunda yaliyosafiri

Hoja hii si nadharia tupu. Mnamo Septemba na Oktoba 2012, maelfu ya watoto katika majimbo matano ya mashariki ya Ujerumani walianza kutapika na kuharisha kwa ghafla. Waliougua walikaribia 11,000, wengi wao wakiwa katika shule na vituo vya kulelea watoto ambavyo vililetewa chakula kutoka jikoni kubwa. Uchunguzi uliwafikisha wataalamu kwenye shehena moja ya stroberi zilizogandishwa kutoka Uchina, na virusi vya aina ya norovirusi vikapatikana katika stroberi hizo. Matunda yalikuwa yamevuka nusu ya dunia bila ya kuharibika. Virusi navyo havikuwa vimeharibika.

Mwaka uliofuata balaa likajitokeza kwa sura nyingine. Kuanzia 2013 hadi 2014, zaidi ya watu 1,400 katika nchi zaidi ya kumi za Ulaya, wengi wao wakiwa Italia, waliugua homa ya ini ya aina A iliyohusishwa na mchanganyiko wa matunda madogo ya jamii ya forosadi yaliyogandishwa. Ugonjwa huu hujitokeza baina ya siku 15 na 50 baada ya virusi kuingia mwilini. Ni nani anayekumbuka alichokula siku 40 zilizopita? Isitoshe, matunda ya nchi mbalimbali yalikuwa yamechanganywa katika pakiti moja, na pakiti hiyo ingeweza kukaa ndani ya friza kwa miezi mingi. Wataalamu walifuatilia nyuzi za biashara kutoka nchi moja hadi nyingine na hawakuweza kulipata shamba moja la kulaumiwa.

Virusi hivi hutoka wapi? Havizaliwi katika tunda. Vyote viwili, norovirusi na virusi vya homa ya ini ya aina A, hutoka katika utumbo wa binadamu. Hulifikia tunda kwa maji yaliyochafuliwa na kinyesi au kwa mikono ya mvunaji na mfungaji. Havina utando wa mafuta unaovifunika virusi vya aina nyingine, na kwa hivyo huvumilia baridi, ukavu na hata asidi ya tumboni. Chembe chache tu hutosha kumwangusha mtu mzima. Vitakasa mikono vyenye pombe, ambavyo vilipata sifa kubwa wakati wa korona, havina nguvu ya kutosha dhidi ya norovirusi. Maji yanayotiririka na sabuni ndiyo yanayoviondoa mkononi. Adui yao mwingine ni moto: virusi vya homa ya ini ya aina A hupoteza nguvu vikipata joto la nyuzi 85 kwa dakika moja. Ni dhahiri kuwa kinga yenyewe haihitaji mitambo ya ajabu. Inahitaji choo karibu na shamba, maji, sabuni, sufuria inayochemka, na mtu anayejua ni kwa nini.

Hofu ya katoni

Katika mwaka wa 2020 mnyororo wa baridi ulipata umaarufu ambao haukuutazamia. Mwezi wa Juni, baada ya siku zipatazo 56 bila ya maambukizi ya ndani mjini Beijing, ugonjwa wa COVID-19 ulizuka katika soko kubwa la jumla la Xinfadi na kuwapata watu zaidi ya 300. Dalili za virusi zilipatikana kwenye ubao wa kukatia samaki aina ya samoni walioagizwa kutoka nje, na mara samoni wakaondolewa madukani. Mwezi wa Oktoba, katika bandari ya Qingdao, baada ya wapagazi wawili kupatikana na virusi bila ya kuonyesha dalili, wataalamu wa Uchina walitangaza kuwa wamevipata virusi hai juu ya vifungashio vya samaki aina ya chewa waliogandishwa. Tangu hapo bidhaa za baridi zilizoingia Uchina zilipimwa na kunyunyiziwa dawa, na shughuli ya upimaji haikufutwa hadi tarehe 8 Januari 2023.

Ilikuwa busara au ilikuwa hofu? Haki inadai jibu lenye pande mbili. Kwamba virusi vya korona vinaweza kustahimili baridi juu ya katoni ni jambo lililothibitika. Kwamba mlaji wa kawaida aliugua COVID-19 kwa kula samaki aliyegandishwa ni jambo ambalo halikuthibitika, na Shirika la Afya Duniani lilisema wakati huo kuwa hapakuwa na ushahidi wa watu kuambukizwa kwa njia ya chakula. Virusi hivi huenea hasa kwa pumzi baina ya mtu na mtu. Vina utando wa mafuta ambao sabuni huuvunja, na njia yao ya kuingilia ni pua na mapafu zaidi ya tumbo. Hatari inayobeba jina moja, yaani virusi, ina tabia mbalimbali, na kinga ya kirusi kimoja si lazima iwe kinga ya kingine. Aliyeziweka hatari zote katika kapu moja aliosha ndizi kwa dawa na kusahau kufungua dirisha.

Baridi yenyewe ilikuwa na hatia katika ugonjwa huo, ila si katika katoni. Ilikuwa katika vyumba vya kazi. Mnamo Juni 2020 zaidi ya wafanyakazi 1,500 wa kiwanda kimoja cha nyama katika mji wa Rheda-Wiedenbrück, Ujerumani, walipatikana na virusi. Uchunguzi wa mkurupuko wa awali kiwandani humo ulionyesha kuwa katika ukumbi wa kukatia nyama, uliopozwa hadi nyuzi 10, hewa ilizungushwa na kurudishwa bila ya kuchanganywa na hewa safi ya kutosha, hivyo virusi vikaweza kumfikia mtu aliyesimama umbali wa mita 8. Mitambo iliyowekwa ili nyama isiharibike ilikuwa ikiwasambazia wakataji pumzi ya mgonjwa. Wengi wa wafanyakazi hao walikuwa wahamiaji kutoka Romania, Bulgaria na Poland, walioajiriwa kupitia mawakala na kuishi wakiwa wamesongamana. Serikali ya Ujerumani ilitambua kuwa kiini cha tatizo hakikuwa nyama. Kuanzia Januari 2021 sheria mpya ilipiga marufuku viwanda vikubwa vya nyama kuwaajiri wachinjaji na wakataji kupitia kampuni za kandarasi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu zaidi ya kuiogopa hofu isiyo na maarifa. Mwishoni mwa 1997, kipindupindu kilipozuka katika eneo hili, Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji, na marufuku hiyo ikadumu hadi katikati ya 1998. Kipindupindu huletwa na bakteria, si virusi, na Shirika la Afya Duniani lilionya kuwa vikwazo vya namna hiyo havikuwa njia ifaayo ya kuuzuia ugonjwa. Kwa wavuvi wa mbuta, wakataji minofu wa Kisumu na familia zao, onyo hilo halikutia ugali mezani. Miaka 20 baadaye, mnamo 2018, mjadala kuhusu samaki waliogandishwa kutoka Uchina ulipopamba moto nchini Kenya, waliokuwa wakishukiwa jana ndio waliokuwa wakishuku. Hoja za biashara, za afya na za uvumi zilichanganywa mno hivi kwamba ilikuwa muhali kuzitenganisha. Kila upande wa mnyororo humwona mchafu yule wa upande wa pili. Kirusi hakina habari na mipaka hiyo. Hutafuta mkono usionawiwa, uwe wa Mchina, wa Mjerumani au wa Mluo.

Kiswahili katika baridi ya South Dakota

Kuna kisa kimoja kinachopaswa kusomwa katika kila ukumbi wa mihadhara ya Kiswahili. Katika majira ya machipuko ya 2020, kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe mjini Sioux Falls, jimbo la South Dakota, Marekani, kiligeuka kuwa mojawapo ya vitovu vikubwa vya maambukizi ya korona nchini humo. Wafanyakazi wasiopungua 1,294 waliambukizwa na wanne wakafariki. Wataalamu wa taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa walifika Aprili, wakaandika ripoti. Miongoni mwa mambo waliyoyaona ni kuwa wafanyakazi wa kiwanda hicho walizungumza lugha zipatazo 40. Wakazitaja kumi zilizoongoza: Kiingereza, Kihispania, Kikunama, Kiswahili, Kinepali, Kitigrinya, Kiamhari, Kifaransa, Kioromo na Kivietnamu.

Kiswahili kimo. Hakikufikishwa huko na makongamano wala na tamasha za ushairi. Kilifikishwa na watu waliosimama bega kwa bega, kisu mkononi, katika ukumbi wenye baridi na kelele, wakikata nyama ya kulisha miji ambayo hawajawahi kuiona. Ripoti hiyo ilipendekeza kwamba matangazo na maelezo ya kujikinga yatolewe kwa lugha za wafanyakazi na kwa michoro. Maana ya pendekezo hilo ni kwamba mpaka wakati huo lugha ilikuwa tundu mojawapo katika ukuta wa kinga, na kwamba miongoni mwa waliopitiwa na tundu hilo walikuwamo wasemaji wa Kiswahili.

Wapenzi wa Kiswahili wamezoea, na kwa haki, kujivunia kuenea kwa lugha yao. Mnamo Novemba 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwaka siku hiyo huadhimishwa kwa hotuba na nderemo. Lakini lugha haikui kwa idadi ya nchi inakosikika tu. Hukua kwa idadi ya mambo ambayo msemaji wake anaweza kuyafanya kwayo bila ya kuikimbilia lugha nyingine. Je, mpagazi anaweza kujifunza kwa Kiswahili sanifu, chepesi na sahihi jinsi ya kuishi na virusi katika ghala la baridi? Akiweza, Kiswahili ni lugha ya dunia. Asipoweza, maadhimisho yanabaki kuwa ngoma.

Hali ya nyumbani haipishani sana na hiyo ya ughaibuni. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na vilevile lugha rasmi pamoja na Kiingereza, nayo Ibara ya 46 inampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Hata hivyo, atakayesimama penye friza ya duka la kawaida akasoma maandishi ya pakiti za kuku, samaki na matunda atakuta kuwa maelezo ya kuyeyusha, kupika na kuhifadhi, aghalabu ni ya Kiingereza. Haki imeandikwa katika lugha mbili ilhali onyo limeandikwa katika moja.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kuwa Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Pingamizi hili limejibiwa na historia. Ugonjwa uliotikisa miaka ya 1980 na 1990 ulipewa jina la UKIMWI, yaani Ukosefu wa Kinga Mwilini, na jina hilo likawa somo lenyewe: aliyelisikia alielewa kuwa kilichopungua ni kinga. Kutoka hapo, virusi likawa neno la kila kijiji. Ni kweli kwamba bado kuna vijitatizo. Umoja wake, kirusi, unagongana na jina la lugha ya Warusi, na baadhi ya waandishi huukwepa na kusema virusi hata kwa kimoja. Mnyororo wa baridi wengine huuita mnyororo baridi, bila ya kihusishi. Jokofu lina jina sanifu, lakini sokoni ni friji au friza. Hayo ni mambo ya kusawazishwa katika semina moja, wala si sababu ya kunyamaza. Mwandishi wa onyo la ghala na atumie friza ikiwa friza ndiyo inayoeleweka. Hakuna aliyewahi kuokolewa na istilahi asiyoifahamu.

Wapo pia watakaosema kuwa kazi ya mwanafunzi wa fasihi ni riwaya, tamthilia na utenzi, si kinyesi na samaki. Wanasahau kuwa fasihi simulizi ya Waswahili haikuwahi kujitenga na mambo ya jikoni na ya bahari. Methali iliyofungua makala haya ni kanuni ya usafi wa chakula iliyotungwa na watu waliojua kuwa maneno machache yenye mizani hukumbukwa kuliko waraka wa kurasa kumi. Ni nani aliyeandaliwa vyema zaidi ya mwanafunzi wa Kiswahili kuitunga mithili yake kwa ajili ya zama hizi, wakati ambapo samaki mmoja anaweza kuwadhuru wengi bila ya kuoza?

Pingamizi zito kuliko yote ni la tatu: kwamba maneno hayamlishi mtu. Kibarua anayelipwa kwa siku, akiharisha na kutakiwa akae nyumbani, analala njaa pamoja na wanawe. Onyo zuri la Kiswahili litamsaidia nini iwapo hana malipo ya siku za ugonjwa, hana choo karibu, wala hana maji ya bomba? Pingamizi hili ni la kweli na halistahili kupuuzwa. Ujerumani haikutosheka na mabango. Ilibadilisha sheria ya ajira. Hata hivyo, mtu hawezi kudai haki asiyoijua sababu yake. Mfanyakazi anayeelewa kuwa mkono wake unaweza kuyafikia matumbo ya watoto elfu kumi walio mbali naye ana hoja nzito ya kumpelekea mwajiri: choo, sabuni na siku mbili za mapumziko zenye malipo si hisani, bali ni sehemu ya mtambo wa baridi kama ilivyo injini yake. Maarifa hayachukui nafasi ya haki. Huipa haki ulimi.

Kazi iliyopo mezani

Kinachopendekezwa hapa si mradi mkubwa wa kungojea wafadhili. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinaweza kukaa na wenzao wa idara za afya ya jamii na sayansi ya chakula, wakaandika ukurasa mmoja. Ukurasa huo usiwe tafsiri ya kijitabu cha Kiingereza, bali uandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, usomwe kwa sauti mbele ya wachuuzi na wapagazi, na usahihishwe kwa masikio yao. Mambo yake ni machache:

Baridi huhifadhi chakula, nayo huhifadhi virusi, haiviui. Chakula kinaweza kubeba virusi bila ya kuharibika wala kunuka. Ukitapika au ukiharisha, usiguse chakula cha watu, wala usirudi kazini kabla ya siku mbili kupita tangu dalili zikome. Nawa mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni kila utokapo msalani na kila uanzapo kazi. Matunda yaliyogandishwa yachemshe kabla ya kumpa mtoto. Katika chumba cha baridi chenye watu wengi, hewa safi ni sehemu ya usalama. Katoni haiogopwi, hunawiwa mikono baada ya kushikwa.

Hakuna neno hata moja katika hayo ambalo ni geni kwa msemaji wa Kiswahili wa Mombasa, Kisumu, Mwanza, Bukavu au Sioux Falls. Ugeni uko katika kuyasema. Majokofu yanazidi kuongezeka katika masoko na maghala ya Afrika Mashariki, na ni jambo la heri, kwa kuwa chakula kingi mno kimeoza njiani huku watu wakiwa na njaa. Lakini kila jokofu jipya linamnyang'anya mchuuzi kipimo chake cha kale, yaani pua. Kipimo hicho hakina budi kupata mrithi, na mrithi wake ni maarifa yanayosemeka.

Wahenga walinena pia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiwandani Sioux Falls ufa ulikuwa wa lugha, na lugha mojawapo iliyokosekana ukutani ilikuwa Kiswahili. Waashi wake wamo katika vyumba vya mihadhara vya vyuo vya Kenya, na udongo wanao.